Protini Iliyozaliwa Kabete

Mtafiti wa Nairobi anayetaka kujua jinsi vitamini D inavyofanya kazi mwilini hana haja ya kuchinja vifaranga. Wenzake wa zamani walilazimika. Mwaka 1969, Mark Haussler na Anthony Norman walipotambua kipokezi cha vitamini hiyo, walikipata kwenye utumbo wa kifaranga, tena kwa kiasi kidogo mno. Mwaka 1988 jeni ya kipokezi cha binadamu ikanakiliwa, mnyororo wake wa asidi amino 427 ukasomwa kiungo kwa kiungo, na tangu hapo protini hiyo hutengenezwa na bakteria au seli za wadudu zilizopandikizwa jeni ya mtu, ikasafishwa, ikatiwa kwenye vichupa na kuuzwa kwa mikrogramu. Anayeihitaji Chiromo au Hospitali ya Kenyatta anajaza fomu ya oda, analipa kwa fedha za kigeni, kisha anasubiri sanduku lenye barafu kavu litoke forodhani. Wapo wanaosema hivyo ndivyo inavyopaswa kuwa, kwamba nchi kama Kenya inunue protini za maabara kama inavyonunua darubini, fedha zake za utafiti iziweke kwingine. Hoja hiyo si ya kipuuzi, na kwa kipokezi cha vitamini D inatosha kabisa, kwa sababu kila nchi tajiri ina wagonjwa wa mifupa na kampuni zinazowahudumia. Inakwama pale ugonjwa unapokuwa wetu peke yetu. Protini za magonjwa kama hayo haziingii kwenye katalogi ya mtu yeyote mpaka kwanza zitengenezwe na walio jirani na ugonjwa, na ushahidi wa jambo hilo uko Kabete, magharibi mwa jiji, juu kidogo ya barabara ambayo matatu za Uthiru hupita mchana kutwa.

Kabete haikuanza jana. Maabara ya mifugo ya serikali ya kikoloni ilikuwa imeshasimama huko kabla ya Vita Kuu ya Kwanza, na hadi leo jina la Vet Lab limebaki, hata midomoni mwa wanaokwenda kucheza gofu tu katika klabu inayolibeba. R. Eustace Montgomery alichunguza ugonjwa wa kondoo uliozuka karibu na mji mwaka 1910, ugonjwa ambao vitabu vya dunia nzima bado vinauita wa kondoo wa Nairobi. Mwaka 1921 akachapisha maelezo ya kwanza ya homa ya nguruwe ya Afrika, ile ambayo karne moja baadaye imekuja kuteketeza nguruwe wa Uchina kwa mamilioni. Virusi vya sotoka navyo vilitolewa kwenye ng'ombe mgonjwa wa Kabete mwanzoni mwa miaka ya 1910, vikahifadhiwa kwa kupitishwa kutoka mnyama hadi mnyama kwa miongo kadhaa, hadi Walter Plowright, akiwa Muguga, mwendo mfupi mbele kwenye njia ya kwenda Naivasha, alipovikuza ndani ya seli za figo za ndama mpaka vikapoteza ukali. Chanjo hiyo ndiyo iliyobeba sehemu kubwa ya kampeni iliyoifuta sotoka duniani, ushindi uliotangazwa rasmi mwaka 2011. Kisa hiki husimuliwa mara nyingi kama kazi ya Mwingereza mmoja mwenye kipaji. Kipaji alikuwa nacho, hakuna anayekataa. Lakini kirusi alichofanyia kazi kilikuwa cha hapa, na wagonjwa walikuwa wa hapa, wakati Uingereza yenyewe ilikuwa haijaona sotoka tangu miaka ya 1870.

Ila sotoka iliwahi kuwa adui wa mabara matatu, na kwa hiyo ilikuwa na marafiki wa kuipiga vita kila mahali. Ndigana kali haikubahatika hivyo. Hupatikana pale tu alipo kupe wa masikio mwenye rangi ya kahawia, yaani mashariki, katikati na sehemu za kusini mwa Afrika. Kimelea chake, Theileria parva, hukaa kwenye tezi za mate za kupe huyo. Anapofyonza damu, vijimelea vidogo viitwavyo sporozoiti humiminika pamoja na mate, na ndani ya dakika chache tu huwa vimeshaingia kwenye chembe nyeupe za damu. Humo ndani hufanya jambo la kutisha: huzifanya chembe hizo zizaliane bila kikomo, kama saratani, na kila moja inapogawanyika kimelea hugawanyika nayo, hivyo nusu zote mbili zinarithi maradhi. Tezi iliyo chini ya sikio huvimba, homa hupanda, mapafu hujaa maji, povu hutoka puani, na ng'ombe wa gredi hufa wiki tatu au nne baada ya kuumwa. Makadirio yanayotajwa mara nyingi ni zaidi ya ng'ombe milioni moja kwa mwaka katika eneo zima. Ng'ombe wa kienyeji waliozaliwa penye kupe huvumilia zaidi, kwa hiyo mzigo ukawaangukia waliofuga Friesian na Ayrshire, wale wakulima wadogo wa Kiambu, Murang'a na kwingineko ambao baada ya uhuru waliambiwa kwamba maziwa yatawasomeshea watoto. Majosho yalisaidia kadiri dawa ilivyopatikana na kadiri kupe walivyokuwa hawajaizoea.

Mwaka 1973, Stanley Cohen na Herbert Boyer walipoonyesha huko California kwamba jeni ya kiumbe kimoja inaweza kupandikizwa ndani ya bakteria na kufanya kazi humo, serikali ya Kenya ilitia sahihi mkataba wa kuanzisha maabara ya kimataifa ya magonjwa ya mifugo Kabete, ILRAD, na kutoa ardhi ya kutosha kwa majengo na malisho. Mambo hayo mawili hayakuhusiana wakati huo. ILRAD ilipofungua milango yake rasmi mwaka 1978, ilipewa maadui wawili, nagana na ndigana kali, na matumaini ya wafadhili yalikuwa kwamba miaka kumi hivi ingetosha kuwamaliza. Nagana iliwavunja moyo mapema, kwa kuwa kimelea chake hubadilisha koti la protini kila mwili unapoanza kulitambua. Hakuna chanjo iliyopatikana mpaka leo. Theileria ilionekana afadhali, kwani tayari ilijulikana kuwa ng'ombe akiugua akapona, hupata kinga ya muda mrefu. Swali lilikuwa ni nini hasa ambacho mwili wa ng'ombe huyo umejifunza.

Jibu la kwanza lilitoka kwenye damu ya ng'ombe wenyewe. Mwaka 1982 Anthony Musoke na wenzake walieleza kwamba ng'ombe waliokumbana na sporozoiti mara nyingi huwa na kingamwili zinazozizuia zisiingie kwenye chembe za damu. Jaribio lake linafaa kutazamwa kwa karibu, maana ndilo linaloonyesha kwa nini kazi hii isingefanyika Geneva. Kupe walioambukizwa huwekwa kwenye masikio ya sungura, wakalishwa kwa takriban siku nne ili sporozoiti zikomae, kwani kupe mwenye njaa hazai kitu. Kisha hupasuliwa na tezi zao za mate kusagwa. Maji yanayopatikana huchanganywa na seramu ya ng'ombe, halafu na chembe nyeupe zilizo hai, na baada ya siku kadhaa mtafiti hutazama kwa darubini kama chembe hizo zimeambukizwa. Ukitaka kulirudia jaribio hilo wiki ijayo, unahitaji kupe wengine, sungura wengine, na ng'ombe anayeugua wa kuwaambukizia kupe. Kabete ilikuwa na banda la kupe, zizi la ng'ombe wa Boran na chumba cha darubini katika boma moja. Kwa msaada wa kingamwili za aina moja moja zilizotengenezwa maabara kwa njia ya César Milstein na Georges Köhler, watafiti wakaweza kuuliza kingamwili zile za ng'ombe hushika nini juu ya ngozi ya sporozoiti. Zilishika protini moja yenye uzito wa kilodaltoni 67. Ikaitwa p67, jina lisilo na mbwembwe yoyote.

Kupata p67 kutoka kwa kupe kulikuwa kama kukamua nzi maziwa, na hapo ndipo uvumbuzi wa California ulipokuja kukutana na mkataba wa Kabete. Vishvanath Nene na wenzake waliitafuta jeni inayoibeba, wakaisoma, na mnyororo ukaonekana kuwa wa asidi amino 709. Ilipotiwa ndani ya bakteria wa E. coli haikutii kirahisi. Bakteria huvunja protini ngeni zisizowapendeza, na hii waliikatakata, kwa hiyo ililazimu kuiunganisha na kipande cha protini ya virusi vya mafua ili itoke kwa wingi wa kutosha. Mwaka 1992, Musoke, Morzaria, Nkonge, Jones na Nene walichapisha matokeo katika jarida la Chuo cha Taifa cha Sayansi cha Marekani: ng'ombe waliochanjwa kwa protini hiyo ya bakteria, ambayo haikuwahi kumwona kupe, walitengeneza kingamwili za kuzuia sporozoiti, na takriban theluthi mbili yao walinusurika walipodungwa vimelea hai. Hakukuwa na chanjo nyingine ya aina hiyo dhidi ya ndigana kali popote. Tukumbuke pia kwamba insulini ya binadamu iliyotengenezwa na bakteria iliruhusiwa Marekani mwaka 1982, miaka kumi tu kabla. Kabete haikuwa nyuma sana ya wenye fedha.

Hapa ndipo mpinzani anaponyoosha mkono, na ana haki. Zaidi ya miaka 30 imepita na mfugaji wa Limuru hawezi kuinunua p67 dukani. Majaribio ya mashambani, pwani na katika maeneo ya kati ya nchi, ambayo matokeo yake yalichapishwa mwaka 2005, yalionyesha kwamba ugonjwa mkali ulipungua kwa takriban nusu. Nusu ni habari njema kwa mtakwimu na habari mbaya kwa mwenye ng'ombe mmoja. Sababu yake inaeleweka vizuri: kingamwili hufanya kazi katika dakika chache kabla sporozoiti haijajificha ndani ya chembe, na baada ya hapo haziwezi kuifikia. Sporozoiti chache zikiponyoka, ugonjwa unaanza. Kinga nzito anayobaki nayo ng'ombe aliyepona ni ya aina nyingine, inatokana na chembe za mwili zinazoua chembe zilizoambukizwa, jambo ambalo nalo lilithibitishwa Kabete katika miaka hiyo hiyo ya 1980. Kwa hiyo p67 peke yake ilikuwa inaombwa kuziba tundu ambalo maumbile yenyewe hayalitegemei kuzibwa hivyo.

Nakubali yote hayo, lakini sikubali hitimisho lake. Kosa liko katika kupima protini ya maabara kwa kipimo kimoja tu cha chanjo. Kipokezi cha vitamini D kinachouzwa kwenye vichupa hakijamponya mtu matege, wala hakuna aliyetarajia; kazi yake ni kumwezesha mtafiti kuuliza swali lile lile mara elfu na kupata majibu yanayolinganishika. Kabete ilitengeneza protini ya namna hiyo pia, isiyosifiwa sana. Ni ile iitwayo PIM, iliyo juu ya kimelea cha Theileria. Watafiti wa ILRI, jina ambalo taasisi ilichukua ILRAD ilipounganishwa na kituo cha Addis Ababa katikati ya miaka ya 1990, waliitengeneza ndani ya bakteria na mwaka 1998 James Katende na wenzake wakachapisha kipimo kinachoitumia. Kabla yake, kujua kama ng'ombe aliwahi kuambukizwa kulitegemea jicho la fundi aliyeinamia darubini akikadiria mng'ao wa rangi, na kimelea binamu kisicho na madhara makubwa kiliweza kumchanganya. Kipimo cha PIM hutumia sahani ya plastiki yenye vishimo 96. Protini hugandishwa chini ya kila kishimo, seramu ikatiwa, ikaoshwa, na rangi inayojitokeza ikasomwa na mashine. Mtu mmoja anaweza kupima kijiji kizima asubuhi moja. Ramani nyingi za mahali ndigana kali ilipo Afrika Mashariki, zile ambazo daktari wa mifugo huzitegemea anapoamua kama aogeshe, achanje au aache, zimechorwa kwa vishimo hivyo. Ukiniuliza ni ipi kati ya protini mbili imefanya kazi zaidi, nitataja hiyo isiyo na jina kubwa.

Pingamizi la pili ni zito zaidi. Chanjo ya ndigana kali ipo, na haikuhitaji jeni ya mtu yeyote. Ilibuniwa Muguga katika miaka ya 1970: ndama hudungwa sporozoiti hai kutoka aina tatu za kimelea, na wakati huo huo dawa ya oksitetrasaiklini ya kukaa mwilini muda mrefu, ili augue kidogo tu kisha apone na kinga yake. Wamasai wa kaskazini mwa Tanzania wameichangamkia na kuilipia wenyewe, jambo ambalo ni ushahidi mzito kuliko ripoti yoyote. Ya nini basi kuhangaika na bakteria? Kwa sababu chanjo hiyo ni kupe waliosagwa. Kuitengeneza kunadai ng'ombe, sungura na kupe wasiohesabika, na kila toleo huchukua miezi mingi na lazima lipimwe upya, kwani hakuna kundi la kupe linalofanana na lililotangulia. Huhifadhiwa kwenye nitrojeni ya kimiminika, na mrija mmoja ukishayeyushwa hutosha ndama wengi ambao lazima wawepo hapo hapo siku hiyo. Mmasai mwenye ndama 60 hana shida na hilo. Mama wa Kinoo mwenye ndama mmoja nyuma ya nyumba anayo. Kenya yenyewe ilisita kwa miaka mingi kuiruhusu, kwa hofu ya kuingiza aina ngeni za kimelea na kuacha ng'ombe wanaobeba ugonjwa bila dalili. Isitoshe, majaribio ya Laikipia yameonyesha kwamba haiwakingi vizuri ng'ombe wanaolisha pamoja na nyati, ambao hubeba aina zao za kimelea. Chanjo ya Muguga ni nzuri, na kwa sasa ndiyo tuliyo nayo. Ubora wake hauondoi haja ya kuwa na kitu kinachoweza kukaa kwenye friji ya kawaida ya duka la dawa za mifugo.

Tatu, wapo wanaosema kwamba haya yote si historia ya Nairobi. ILRI ni taasisi ya kimataifa, ina wafadhili wa nje na uzio wake, na faida ya sayansi yake huandikwa kwenye majarida ya ng'ambo. Kuna ukweli hapo, na wanaoitetea taasisi hiyo hawaifai kitu wanapoukwepa. Fedha ziliposhuka au wafadhili walipobadili mawazo, kazi ya p67 ilizorota bila Kenya kuulizwa. Lakini tazama ni nani walioifanya. Majina mengi yaliyo juu ya ripoti zile ni ya Afrika Mashariki, na banda la kupe liliendeshwa na mafundi wa Kabete ambao ujuzi wao hauandikwi popote. Jenomu nzima ya Theileria parva iliposomwa na kuchapishwa katika jarida la Science mwaka 2005, kwa ushirikiano na taasisi ya Marekani iliyoitwa TIGR, aliyekuwa mmoja wa viongozi wa kazi hiyo ni Nene yule yule. Maabara za Kabete baadaye zilifunguliwa kwa watafiti wa nchi jirani waje na maswali yao wenyewe, na korona ilipoingia mwaka 2020, mashine za kuchunguza jeni zilizonunuliwa kwa ajili ya ng'ombe na mihogo zilisaidia kupima watu. Ujuzi wa kutengeneza protini ukishakaa mahali, haubagui ugonjwa.

Kinachokosekana ni hatua inayofuata, na hapa lawama ni ya kwetu zaidi kuliko ya wafadhili. Kenya ina kiwanda cha umma cha chanjo za mifugo, KEVEVAPI, chenye maabara Kabete, Muguga na Embakasi. Chanjo zake zinazojulikana, ya ugonjwa wa miguu na midomo, ya homa ya mapafu ya ng'ombe, ya sotoka ya mbuzi na kondoo, zote hutokana na virusi au bakteria wazima waliouawa au kudhoofishwa, yaani kwa ufundi ambao Plowright angeutambua mara moja. Kuzalisha protini kwa bakteria kunahitaji matangi ya kuchachushia, mitambo ya kusafishia na wakaguzi wanaoelewa wanachokagua. Serikali ilipounda taasisi ya BioVax mwaka 2021 baada ya funzo la korona, mawazo yalikuwa kwenye chanjo za binadamu. Wakati huo huo, mwaka 2021, timu ya Kabete na wenzao wa Queensland, Australia, walichapisha habari za kipande cha asidi amino 80 tu cha mwisho wa p67, kilichobandikwa juu ya vijichembe vidogo vinavyofanana na virusi, na ng'ombe waliochanjwa wakakingwa vizuri zaidi kuliko kwa kipande kitupu. Kipande hicho hakibadiliki miongoni mwa aina za kimelea zinazotoka kwa ng'ombe, maana yake toleo moja lingeweza kutumika Kisumu na Kilifi. Bakteria wanakitengeneza bila ubishi ule wa zamani. Kutoka maabara kilikochunguzwa hadi lango la KEVEVAPI Kabete ni safari fupi ya gari, na mpaka sasa hakuna mtambo upande wa pili wa kukipokea.